Herufi Moja Mwishoni mwa Jina: Kugeuza Violezo vya Mawasilisho Kuwa Mafaili Yanayoruhusu Makro

Mwenzangu kazini alinijia asubuhi moja kompyuta yake mpakato ikiwa wazi mkononi, na kabla hajaketi akaniambia, "Kaka, faili nimeligeuza, lakini makro hazimo." Faili lenyewe lilikuwa kiolezo cha mawasilisho ya PowerPoint ya ofisi yetu, lenye kiendelezi cha .potx, ambalo nilikuwa nimelitengeneza mimi miezi michache kabla. Alitaka kuweka ndani yake makro tatu, yaani programu fupi zinazofanya kazi za kujirudia, alizozizoea katika wasilisho lake la zamani: ya kwanza iliandika jina la mradi na tarehe kwenye kijachini cha kila slaidi, ya pili iliorodhesha slaidi zisizo na kichwa, na ya tatu ilitafuta maandishi yaliyopungua ukubwa wa pointi 18. Aliambiwa kwamba umbizo la .potx halipokei makro, jambo ambalo ni kweli, basi akatafuta kwenye intaneti tovuti inayogeuza mafaili bila malipo, akapakia kiolezo, akachagua .pptm katika orodha ya maumbizo, akasubiri sekunde chache, akapakua.

Alipoona orodha ya makro ni tupu, hakukata tamaa. Alifungua wasilisho la zamani, akanakili msimbo kwa mkono wake, akaubandika katika faili jipya, akahifadhi, kisha akalituma kwa barua pepe kwa wenzetu watatu. Kufikia jioni alikuwa na malalamiko matatu. Wa kwanza alisema faili limekuja na mstari mwekundu wa onyo na kwamba makro zimefungwa. Wa pili alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba huenda tovuti ile imetia virusi. Wa tatu hakulalamika juu ya makro hata kidogo: alibofya faili mara mbili, akaandika wasilisho lake lote la mkutano, akahifadhi, na ndipo akagundua kwamba amekifuta kiolezo na kuweka kazi yake mahali pake.

Nimeyaandika haya yote mwanzoni kwa sababu matatizo hayo manne, kuanzia makro zisizokuwamo hadi kiolezo kilichofutwa, yalitokea katika kazi moja, na kila moja lina asili yake. Tovuti ile ilifanya kile ilichoombwa, na haikutia virusi. Lakini mtu anayegeuza kiolezo kuwa faili linaloruhusu makro kwa kutumia kitufe kimoja kwenye kivinjari hupewa kitu tofauti kabisa na kile anachodhani amekiomba.

Tuanze na majina yenyewe, kwa kuwa humo ndimo mkanganyiko unamoanzia. Tangu toleo la mwaka 2007, PowerPoint ina familia tatu za mafaili ya kawaida, na kila familia ina ndugu wawili. Wasilisho la kawaida ni .pptx au .pptm. Kiolezo, ambacho kikibofywa huzaa wasilisho jipya, ni .potx au .potm. Onyesho linalofunguka moja kwa moja kwenye skrini nzima ni .ppsx au .ppsm. Herufi ya mwisho ndiyo inayosema kama faili linaruhusiwa kubeba makro: x hairuhusu, m inaruhusu. Herufi zinazotangulia zinasema faili litatendaje linapofunguliwa. Kwa hiyo anayetoka .potx kwenda .pptm hapigi hatua moja, anapiga mbili kwa pamoja: ameruhusu makro, na wakati huohuo amekivua kiolezo hadhi ya kuwa kiolezo. Mwenzangu alikusudia hatua ya kwanza tu. Alichopaswa kuchagua ni .potm.

Utengano huu wa x na m haukuwapo zamani. Mafaili ya .pot na .ppt ya miaka ya nyuma yangeweza kuwa na makro au yasiwe nazo, na kwa kutazama jina usingejua. Visual Basic, lugha ambayo makro huandikwa kwayo, iliingia katika PowerPoint kwa toleo la Office 97, na wakati huo tayari dunia ilikuwa imeonja virusi vya makro: kirusi kilichoitwa Concept kilisambaa kupitia hati za Word mwaka 1995, na baadaye Melissa, cha mwezi Machi 1999, kikawa kinajituma chenyewe kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha Outlook. Maumbizo mapya yalipotayarishwa, ambayo yalikubaliwa kuwa kiwango cha ECMA-376 mwezi Desemba 2006 na baadaye kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 29500 mwaka 2008, mafaili yenye ruhusa ya makro yalipewa majina yao, ili mpokeaji aone kwa macho kabla ya kubofya. Mimi huuona uamuzi huo kuwa miongoni mwa maamuzi mazuri zaidi katika historia ya programu za ofisi, na ndiyo sababu sipendi kuona herufi hiyo ikibadilishwa bila kufikiriwa.

Sasa tuingie ndani ya faili, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Faili la .potx ni kifurushi cha zipu. Ukilifungua kwa kihariri cha baiti utaona linaanza na herufi P na K, ambazo ni alama ya Phil Katz, aliyebuni umbizo la zipu. Ukinakili kiolezo chako, ukaipa nakala hiyo kiendelezi cha .zip, ukaifungua, utakuta folda ya ppt, ndani yake slideMasters zenye slaidi kuu, slideLayouts zenye mipangilio, theme yenye rangi na fonti, na media yenye picha. Pembeni utakuta folda ya docProps, na juu kabisa faili dogo liitwalo Content_Types.xml, ambalo jina lake la mbele limezungushiwa mabano ya mraba. Faili hilo dogo ni kama daftari la mapokezi: limeandika kila sehemu ya kifurushi na aina yake. PowerPoint hulisoma kabla ya kushughulika na mengine.

Katika kiolezo cha .potx, mstari unaoitaja presentation.xml unasema aina yake ni application/vnd.openxmlformats-officedocument.presentationml.template.main+xml. Katika .potm mstari huohuo unasema application/vnd.ms-powerpoint.template.macroEnabled.main+xml. Katika .pptm neno template linatoweka na kuachia nafasi neno presentation. Niliwahi kuchukua kiolezo kimoja, nikakihifadhi ndani ya PowerPoint yenyewe kama .potm bila kuandika makro yoyote, kisha nikavifungua vifurushi vyote viwili nikavilinganisha. Tofauti ya maana niliyoikuta ni mstari huo. Slaidi kuu, mipangilio, rangi na fonti zilikuwa zilezile.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini orodha ya makro ya mwenzangu ilikuwa tupu. Kugeuza umbizo ni kubadilisha ruhusa. Makro zenyewe hukaa katika sehemu tofauti iitwayo vbaProject.bin, ambayo si XML, yaani maandishi yanayosomeka, kama nyingine bali ni faili la baiti lenye muundo wa zamani, na sehemu hiyo haizaliwi mpaka mtu aandike msimbo na kuhifadhi. Ikishazaliwa, daftari la mapokezi huongezewa mstari wa aina yake, na presentation.xml hupewa kiungo cha kuielekea. Kiolezo cha .potx hakina sehemu hiyo kwa kanuni ya umbizo lenyewe, kwa hiyo hakuna kigeuzi duniani kinachoweza kutoa makro kutoka humo. Mtu aliyekuwa na makro katika faili lake, akalihifadhi kama .potx huku akipuuza onyo la PowerPoint kwamba mradi wa Visual Basic hautahifadhiwa, amezipoteza siku hiyo. Kuligeuza faili hilo baadaye kuwa .potm ni kujenga chumba upya baada ya aliyekuwa akilala humo kuondoka. Nimeulizwa mara nyingi na watu waliofika hapo kama kuna tovuti inayoweza kuzirudisha, na jibu langu ni lilelile: tafuta nakala ya zamani ya .pot, .ppt, .potm au .pptm, kwa sababu mahali pengine hazipo.

Kubadilisha jina tu la faili hakutoshi pia. Mtu anaweza kuandika .potm mahali pa .potx katika dirisha la folda, ikoni ikabadilika, lakini daftari la ndani bado litasema ni kiolezo kisichoruhusu makro, na jina la nje litapingana na maelezo ya ndani.

Je, tovuti za kugeuza mafaili hufanya nini hasa nyuma ya kitufe chao? Kwa jinsi ninavyoyaona matokeo yake, zipo za namna mbili. Zipo zinazofanya kazi ndogo na safi: zinafungua kifurushi, zinabadilisha mstari ule, zinakifunga tena. Hizo hazidhuru muundo. Nyingine hulisoma wasilisho lote na kulijenga upya kichwani mwa programu yao wenyewe, kisha huliandika tena kuanzia mwanzo katika umbizo lililoombwa. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kila kitu ambacho programu yao haikijui huachwa njiani. Katika violezo, vitu vinavyopotea kwa urahisi ni vile vilivyoongezwa baada ya kiwango cha kwanza kuandikwa na ambavyo hukaa katika sehemu za nyongeza za XML, mfano mgawanyo wa slaidi katika sehemu zenye majina. Vingine ni vitufe maalumu vya utepe wa juu wa PowerPoint vinavyokaa katika folda ya customUI. Kwa mtu anayegeuza faili ili kuweka makro, kupoteza customUI ni hasara kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa vitufe hivyo ndivyo ambavyo mtumiaji wa kawaida angebofya kuita makro.

Kwa sababu hiyo, faili lolote lililopita kwenye kigeuzi cha mtandaoni mimi hulikagua kabla ya kulitumia. Huhesabu mipangilio iliyo chini ya slaidi kuu na kuilinganisha na ya faili la asili. Hutazama ukubwa wa slaidi ndani ya presentation.xml, ambao huandikwa kwa kipimo kidogo sana kiasi kwamba inchi moja ni 914,400: slaidi pana ya uwiano wa 16 kwa 9 inapaswa kusomeka 12192000 kwa 6858000, na ya uwiano wa 4 kwa 3 isomeke 9144000 kwa 6858000. Hutazama pia majina ya fonti katika mandhari. Mara moja nilikuta kigeuzi kimerudisha kiolezo kikiwa na mipangilio mitano ilhali nilikipeleka kikiwa na kumi na mmoja. Iliyobaki ilikuwa ile tu iliyotumika katika slaidi za mfano. Kwa wasilisho la kawaida pengine hakuna ambaye angegundua. Kwa kiolezo, ambacho thamani yake yote imo katika mipangilio ambayo bado haijatumika, ni uharibifu.

Hali ni tofauti tena ikiwa faili la asili ni .pot ya zamani. Hilo si kifurushi cha zipu. Ni faili la baiti, linaanza na D0 CF 11 E0 ukilitazama kwa namba za msingi wa kumi na sita, na makro zake zimo humohumo pamoja na kila kitu kingine. Kulitoa huko na kulipeleka .potm ni tafsiri ya kweli, kutoka muundo mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo kigeuzi kisicho makini huacha makro nyuma kimyakimya na kukurudishia .potm nzuri, nyepesi, isiyo na kitu. Faili la namna hiyo nisingelipeleka kwenye tovuti yoyote. Ningelifungua katika PowerPoint yenyewe, na ningehakikisha idadi ya moduli, yaani vipande vya msimbo, kabla na baada.

Narudi kwa wale wenzetu wawili walioona mstari mwekundu, kwa sababu hili ndilo jambo linalowatesa watu wengi zaidi na ndilo lisiloelezwa kwenye kurasa za vigeuzi. Mwezi Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba makro katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti zitazuiwa tangu mwanzo kwenye Windows katika Word, Excel, PowerPoint, Access na Visio. Utekelezaji ulisitishwa kwa muda mfupi mwezi Julai mwaka huohuo kisha ukaendelea. Kabla ya hapo mtumiaji aliona mstari wa manjano wenye kitufe cha kuruhusu, naye alibofya kwa mazoea. Sasa anaona mstari mwekundu usio na kitufe hicho.

Kompyuta inajuaje kwamba faili limetoka kwenye intaneti? Kivinjari kinapopakua faili, huliambatanishia maelezo madogo yaitwayo Zone.Identifier, yasiyoonekana katika folda lakini yanayosafiri nalo kwenye diski zenye mfumo wa NTFS. Ndani yake mna ZoneId, na thamani ya 3 ina maana ya intaneti. Programu za barua pepe hufanya hivyohivyo kwa viambatisho. Maelezo hayo hayahifadhiki kwenye diski za mfumo wa FAT32, ndiyo maana faili lilelile likibebwa kwa flashi ya namna hiyo halikutani na mstari mwekundu, na likitumwa kwa barua pepe hukataa. Nimeona watu wakibishana kwa saa nzima juu ya faili moja kwa sababu hiyo, kila mmoja akisema kweli kuhusu alichokiona.

Tafakari basi maana yake kwa anayegeuza mtandaoni. Anapeleka kiolezo kisicho na alama hiyo ya intaneti, kilichotengenezwa kwenye kompyuta yake, na anarudishiwa kilichopakuliwa, chenye alama. Amekiomba kiwe faili linaloruhusu makro, na njia aliyotumia kukiomba ndiyo inayofanya makro zake zikataliwe atakapoziweka. Kuondoa alama si vigumu kwa mtu anayejua: unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua sifa zake, na chini ya ukurasa wa kwanza unaweka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa kizuizi. Lakini kuwafundisha wafanyakazi wote wa ofisi kuondoa kizuizi kwenye mafaili yaliyotoka kwa barua pepe ni kuwafundisha tabia ambayo kesho itawaumiza. Kwa ofisi, njia ya heshima ni kuweka kiolezo katika folda ambayo PowerPoint imeelekezwa kuiamini, au kutia msimbo saini ya kidijitali inayotambulika. Saini hiyo nayo huvunjika msimbo ukiguswa, kwa hiyo kutia saini huja mwisho kabisa, baada ya kugeuza na kuhariri kumalizika.

Kuna upande mwingine ambao mwenzangu hakuufikiria, na nilimweleza kwa utulivu kwa sababu hakuwa na nia mbaya. Kiolezo cha ofisi huonekana kitupu, kana kwamba ni karatasi yenye nembo tu. Lakini folda ya docProps ina jina la aliyekitengeneza, jina la aliyekihifadhi mwisho, mara nyingi jina la taasisi, na picha ndogo ya slaidi ya kwanza. Slaidi za mfano zinaweza kuwa na takwimu halisi zilizosahauliwa. Maelezo ya msemaji chini ya slaidi husahaulika zaidi. Ukipakia faili, hayo yote yanakaa kwenye seva ya mtu usiyemjua kwa muda ambao yeye ndiye anayeupanga, hata kama ukurasa unasema kwamba mafaili hufutwa baada ya saa kadhaa. Kwa kiolezo cha masomo ya jumla sioni tatizo. Kwa kiolezo cha hospitali, benki au wakili, sikubali.

Na kuna kinachorudi. Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu umbizo la .potx linatupa kipimo kizuri ambacho wengi hawakitumii. Kiolezo cha .potx hakiwezi kuwa na makro. Basi ukikipeleka kugeuzwa na ukarudishiwa .potm au .pptm, faili hilo pia linapaswa kuwa halina makro. Kabla ya kulifungua katika PowerPoint, lifungue nakala yake kama zipu na utazame ndani ya folda ya ppt. Ukikuta vbaProject.bin, mtu mwingine ameiweka, maana wewe hukuipeleka. Hakuna sababu njema ya sehemu hiyo kuwamo. Lifute faili, na usilifungue hata kwa udadisi. Ukaguzi huu huchukua chini ya dakika moja, hauhitaji programu ya kununua, na mimi sijawahi kuuacha tangu nilipoutambua. Kwa bahati njema katika faili la mwenzangu, lile la kwanza alilolipakua ambalo bado lilikuwa katika folda yake ya vipakuliwa, hapakuwa na sehemu hiyo, na hivyo niliweza kumwambia mwenzetu wa pili kwa uhakika kwamba virusi vya makro hakuna.

Sisemi kwamba vigeuzi vya mtandaoni havina kazi. Mtu aliye na simu tu, au kompyuta isiyo na PowerPoint, anaweza kuvihitaji kwa dharura, hasa kama kiolezo si cha siri na atakayekipokea ndiye atakayeandika makro. Lakini aliye na PowerPoint kwenye meza yake hana haja navyo. Hufungua kiolezo kupitia menyu ya kufungua faili, si kwa kubofya mara mbili, kwa sababu kubofya mara mbili kiolezo huzaa wasilisho jipya lisilo na jina badala ya kukifungua chenyewe. Kisha hubonyeza F12, huchagua aina ya kiolezo kinachoruhusu makro, yaani .potm, na kuhifadhi. Kazi imekwisha, na faili halijatoka nje ya kompyuta.

Asiye na PowerPoint lakini mwenye uvumilivu anaweza kuifanya kazi ile safi kwa mkono: anafungua nakala ya zipu, anabadilisha mstari mmoja katika Content_Types.xml kwa kihariri matini cha kawaida, anafunga tena, na kuipa kiendelezi cha .potm. Tahadhari ni moja, nayo imewaangusha wengi: unapofunga tena, chagua vitu vilivyo ndani ya folda, usiifunge folda yenyewe ya nje, la sivyo daftari la mapokezi litakuwa ngazi moja ndani zaidi ya mahali PowerPoint inapolitafuta, nayo itasema faili limeharibika.

Baada ya umbizo kuwa sawa bado kuna swali la mahali panapofaa makro kukaa, na hapa nina msimamo. PowerPoint haiunganishi wasilisho na kiolezo chake kama Word ifanyavyo. Wasilisho linalozaliwa kutoka .potm linachukua nakala ya msimbo, na likihifadhiwa kama .pptx, kama watu wengi watakavyofanya bila kufikiri, nakala hiyo inaachwa. Likihifadhiwa kama .pptm, basi kila wasilisho linabeba nakala yake, na siku utakapopata kosa katika msimbo utakuwa na nakala mia za kusahihisha. Tena wengi hutarajia makro ijiendeshe yenyewe kiolezo kinapofunguliwa, wakiandika utaratibu wa Auto_Open, lakini katika PowerPoint utaratibu huo hufanya kazi katika programu nyongeza tu. Kwa hiyo makro ambazo ofisi nzima itazitumia, mimi ningeziweka katika programu nyongeza yenye kiendelezi cha .ppam, iliyosakinishwa mara moja katika kila kompyuta, na kiolezo kingebaki .potx, safi, kisichoogopesha mtu yeyote kinapotumwa. Umbizo la .potm ningelitumia pale ambapo makro ni za kiolezo hicho peke yake na watumiaji wake ni wachache wanaojuana.

Nilimweleza mwenzangu hivyo, naye akafikiri, akasema wanaozihitaji makro zake ni yeye na wale watatu tu. Basi tukakaa pamoja. Tulifungua .potx ya asili kutoka kwenye folda ya ofisi, tukaihifadhi kama .potm, tukabonyeza Alt na F11, akaubandika msimbo wake moduli kwa moduli. Katika ile ya vijachini tulikuta imetaja nafasi ya kijachini kwa namba iliyokuwa sahihi katika wasilisho la zamani pekee, tukaibadilisha itafute kijachini kwa aina yake. Hilo lilituchukua muda mrefu kuliko ugeuzaji wote. Kiolezo tukakiweka katika folda ya pamoja iliyoaminiwa, na lile la .pptm alilolituma tukawaomba wenzetu walifute.

Mwenzetu wa tatu, aliyekuwa amekifuta kiolezo kwa kazi yake ya mkutano, alikuja akabofya mara mbili faili jipya. Lilifunguka wasilisho lisilo na jina, akabonyeza Alt na F8, na majina matatu yakajitokeza katika orodha.